Udongo, Grisi na Kioo: Nani Aone Ndani?

Binti wa kaka yangu alitaka kukata dirisha kwenye injini ya pikipiki yangu. Naanza hapo kwa sababu yote nitakayosema kuhusu historia ya chuma cha Ufipa yalianzia hapo, uani kwangu Kipili, jioni moja ya kiangazi, ziwa likiwa limetulia kama maji ya kwenye beseni.

Ana miaka 19. Amemaliza kidato cha nne, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa anajifunza ufundi pikipiki chini ya mwembe mmoja kule Kirando. Baba yake, ambaye ni kaka yangu mkubwa na anaishi Namanyere, hajaipenda kazi hiyo hata siku moja. Anasema mikono ya mtoto wa kike haikuumbiwa grisi. Mimi nimekuwa nikikaa katikati: simkatazi binti, wala simtetei mbele ya baba yake. Niseme ukweli tu, nilikuwa mwoga.

Jioni ile alinipa shikamoo yangu, akachuchumaa kando ya pikipiki, akasema:

“Baba Mdogo, niachie hii siku mbili tu.”

“Ya nini?”

“Nitoboe kava la klachi, niweke kioo. Uwe unaona inavyozunguka.”

Alikuwa ameona video kwenye simu, za vijana wa Asia ambao wametoa kava la bati la injini na kuweka la plastiki angavu. Klachi inazunguka peupe, oili inaruka, na usiku wengine wanaweka hadi taa humo ndani. Nikamwambia hapana. Pikipiki ile ndiyo miguu yangu. Ndiyo inayonipandisha kutoka ziwani hadi Namanyere, na siku nyingine hadi Sumbawanga kwenye uwanda wa juu. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700. Huo ni mlima. Huwezi kuukwea na injini iliyotobolewa kwa ajili ya mapambo.

Hakubishana. Aliuliza tu: “Umeiendesha miaka sita. Umewahi kuona ndani yake?”

Sikuwahi. Na swali hilo lilininyima usingizi, maana mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza mtu swali kama hilo, miaka mingi iliyopita, nikajibiwa hivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa juu, upande wa Nkasi, kabla wazungu hawajamaliza vita vyao vya kwanza. Alikuwa akitusimulia habari za malungu, yale matanuri ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake bado unaweza kuyakuta yamesimama maporini Ufipa. Akiwa msichana, alisema, walibeba udongo, walibeba makaa, walibeba chakula. Siku ya kuwasha moto waliambiwa waondoke. Chakula kiliachwa njiani, mbali, halafu mtu anaita na kugeuka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na nilikuwa mdadisi. Nikamuuliza: “Bibi, ndani ya ilungu kulikuwa na nini?”

“Sijui. Sikuwahi kuona ndani.”

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekwambia kwamba hajawahi kufika Mwanza. Lakini leo, nikiwa mtu mzima, jibu lile linanikera kuliko wakati ule. Alibeba udongo wa tanuri kichwani mwake, na hakujua tanuri linafanyaje kazi.

Hebu tulifungue basi, walau kwa maneno.

Ilungu ni tanuri refu la udongo. Mengi yalisimama kama mita tatu, mapana chini na membamba juu. Udongo wake ulitoka kwenye vichuguu, maana udongo wa kichuguu unavumilia moto. Chini, kulizunguka tanuri, waliacha matundu na kupachika humo mirija ya udongo uliochomwa. Hapakuwa na mivukuto. Urefu wenyewe wa tanuri ndio uliovuta hewa, kama bomba la moshi: hewa moto inapanda, hewa baridi inaingia chini kupitia mirijani, moto unajilisha wenyewe kwa siku kadhaa. Humo makaa yanapoungua yanatoa gesi ambayo inainyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya mawe. Chuma chenyewe hakiyeyuki kuwa maji, kwani kingehitaji nyuzi joto zaidi ya 1,500, na tanuri la makaa la namna hiyo halifiki huko. Kinachoyeyuka na kutiririka ni takataka, zile ambazo Kiswahili kinaziita mavi ya chuma. Kinachobaki ni bonge lenye vishimo vishimo kama sifongo, nusu chuma, nusu uchafu.

Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Huko ndiko mivukuto ilikotumika. Chuma kikasafishwa, ndipo mhunzi akapata kitu cha kufua jembe, shoka na mkuki. Kwa hiyo kazi ya chuma Ufipa ilikuwa na hatua mbili, na kila hatua ilikuwa na tanuri lake na ujuzi wake. Ni ufundi mzito. Anayetaka kuujua kwa undani amsome mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 ilitokana na kuchimba na kutembea huku huku kusini magharibi mwa Tanzania. Aliyafuatilia mabaki ya matanuri hadi ufukweni mwa ziwa, akaonyesha kwamba malungu si teknolojia pekee iliyopita hapa. Kulikuwa na matanuri mafupi ya kale zaidi, yanayoitwa katukutu. Yaani ukitembea Nkasi unakanyaga historia za moto zilizolaliana.

Lakini kilichowavutia waandishi wengi ni mwiko. Kwa Wafipa tanuri lilikuwa mwanamke. Lilipambwa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka tumboni mwake kilikuwa mtoto. Mkuu wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, ambacho hakikuguswa ovyo. Siku za moto wanaume walijitenga na wake zao, maana kwa siku hizo mke wao lilikuwa tanuri. Kumwendea mwingine kulihesabiwa kuwa uzinzi ambao ungemharibu mtoto aliyekuwa akipikwa.

Nimelisoma jambo hili katika vitabu mara kadhaa, na kila mara nilifurahia uzuri wa taswira yake. Tanuri linalozaa! Ni sitiari ambayo mshairi yeyote angeitamani. Usiku ule wa swali la binti ndipo nilipoona upande wake wa pili. Tanuri ni mwanamke, kazi ni uzazi, na wanawake wenye uzazi wao halisi wanaambiwa waache chakula njiani na wageuke.

Sitaki kuwahukumu wazee wangu kwa haraka. Jiweke mahali pao. Una tanuri la udongo usilotazamika ndani. Umeweka mawe na makaa ya kazi ya miezi. Upepo ukibadilika, mawe yakiwa mabaya, makaa yakiwa na unyevu, mlango mmoja wa hewa ukiziba, siku zako zote zimepotea, na huwezi hata kuona kosa liko wapi. Mtu aliye gizani hushika sheria. Mwiko ulimpa mkuu wa kazi namna ya kuwapanga watu wake, na ulimpa maelezo pale kazi ilipoharibika. Vilevile ulilinda soko, kwa sababu jembe lilikuwa mali, na anayejua kulitengeneza hakutaka kila jirani ajue.

Inawezekana pia kulikuwa na hofu ya zamani zaidi. Masimulizi ya Ufipa, ambayo Roy Willis aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1981, yanasema utawala wa Watwa ulianzishwa na wanawake wageni waliofika Milansi siku ambayo mfalme alikuwa ameenda kuwinda. Mkewe akawaachia kiti. Mfalme akarudi, kiti hakipo. Nchi ambayo inajieleza kwa hadithi ya namna hiyo inajua kwamba mwanamke akiingia ndani, mambo yanaweza kubadilika.

Basi ufundi ule uliishaje? Hapa hapana sitiari. Majembe ya kiwandani yalifika, na wakati wa ukoloni yakafika kwa wingi. Mkulima alipolinganisha jembe la dukani na jembe lililogharimu siku za kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mawe na kulinda moto, alichagua kama wewe ungechagua. Mwaka 1937 afisa mmoja, Greig, aliandika kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1958 jarida hilo hilo lilichapisha maelezo ya Wise. Mwaka 2004 Randi Barndon wa Norway akachapisha utafiti unaowaweka Wafipa na Wapangwa pamoja. Baadhi ya mioto ya mwisho iliwashwa na wazee kwa ombi la watafiti, ili mgeni aone na aandike. Unaona ajabu yake? Mjukuu wa mbeba udongo asingeruhusiwa kusogea, lakini mgeni mwenye daftari alikaribishwa. Na leo mjukuu huyo, yaani mimi, najua tanuri la kwetu kwa kusoma daftari la mgeni.

Jembe la kiwandani liliua biashara. Sidhani kama biashara ikifa ni lazima na ujuzi ufe. Ujuzi hubaki kama uko vichwani mwa watu wengi, hata kama hauwalishi tena. Watu wengi vijijini hawaishi kwa ususi, lakini ukeketo wa mkeka haujasahaulika, kwa sababu kila msichana aliuona ukisukwa akiwa bado mdogo. Ilungu lilikuwa na watazamaji wachache. Wazee hao wachache walipoondoka, waliondoka nalo.

Hapa Kipili tuna mfano mwingine, wa chuma kikubwa zaidi. Tulipokuwa watoto tuliisubiri Liemba kama watu wanavyosubiri sikukuu. Boti zilikwenda kuipokea, kelele, mizigo, kuku, magunia ya dagaa. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walizidiwa. Wakaamua kuizamisha wenyewe kuliko kuwaachia maadui. Lakini mafundi walifanya jambo moja la akili kabla hawajaiacha: waliipaka mitambo grisi nene, ili maji yasiile.

Meli ikalala chini. Wabelgiji walijaribu kuinyanyua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo iko salama kiasi cha kutengenezeka, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini kuwa ndilo jina la ziwa. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hii ya kwetu iliundwa, ikafunguliwa, ikaundwa, ikazamishwa, ikaundwa tena. Kila mara iliwezekana kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua nini kiko chini ya grisi. Grisi ilikuwa kifuniko kama udongo wa ilungu, ila aliyeipaka alitarajia kwamba kuna mtu atakuja kuifuta. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aishike.

Kufuniko cha tatu ni hicho anachokitaka binti yetu, kile kinachofunika bila kuficha, na chenyewe kina historia. Plastiki angavu iitwayo akriliki iliingia sokoni mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, kutoka kampuni ya Kijerumani ya Röhm & Haas. Miaka sita baadaye, katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939, General Motors walionyesha gari aina ya Pontiac ambalo bodi yake yote ilikuwa ya plastiki hiyo. Watu walipanga foleni kutazama matumbo ya gari. Mwaka 1953 ikaja plastiki ngumu zaidi, polikaboneti, iliyogunduliwa karibu wakati mmoja na Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kwa mtu wa injini. Akriliki inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 100 na kitu. Polikaboneti inavumilia hadi karibu 147. Oili ya injini inayopozwa na upepo, ikikwea mlima na mzigo, inaweza kuzikaribia nyuzi 100 na hata kuzipita.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati huo hatukuyajua, si mimi wala yeye. Asubuhi nilimwambia chukua.

Alikuwa amejiandaa. Hakugusa kava langu la asili. Alikuwa na kava kuukuu la injini kama hiyo hiyo, alilolitoa kwenye vyuma chakavu. “Hili likiharibika, hatujapoteza kitu,” alisema. Kwanza alilitazama kwa ndani kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye mifereji yake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kuna injini ambazo oili hupita ndani ya ukuta wa kava kwenda kwenye krenki, na ukikata njia hiyo umeiua injini bila kujua. Alichora duara kwa chaki mahali pasipo na njia, akalikata taratibu, akalisugua kwa tupa hadi likawa laini.

Akamwaga oili kwenye beseni. Akafungua kiki, akasogeza bomba la ekzosi, akalegeza boliti za kava moja moja huku akizichomeka kwenye boksi gumu alilolichora umbo la kava, ili kila boliti irudi kwenye tundu lake, kwani hazilingani urefu. Kava likabanduka. Nikainama.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Klachi ilikaa pale kama sufuria la chuma lenye meno pembeni, limejaa sahani, na springi nne au tano usoni. Alinionyesha gia ndogo ya krenki inayolisukuma. Alinionyesha kwamba ninapobana klachi mkononi, sahani zinaachana, injini inazunguka peke yake na gurudumu halipati kitu. Miaka sita nimekuwa nikibana mkono ule maelfu ya mara, na sikujua nawaachanisha akina nani.

Dirisha alilifunga kwa kipande cha plastiki kilichotoka kwenye bango lililovunjika, na boliti ndogo kuzunguka duara, na gundi ya gasketi. Akakwangua gasketi kuukuu, akaweka mpya, akakaza kwa msalaba: hii, halafu ya upande wa pili, ili kava likae sawa. Tukatia oili, tukawasha. Watoto wa jirani walijaa uani. Klachi inazunguka! Oili inateleza kwenye kioo kama asali! Nikajiona mjinga kwa kukataa jana yake.

Siku tatu baadaye nilikuwa mlimani kuelekea Namanyere na gunia moja nyuma, nikaanza kunusa oili inayoungua. Moshi ukatoka kwenye ekzosi. Plastiki ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye matundu ya boliti, oili inachirizika juu ya bomba la moto. Nikazima, nikasukuma hadi kivulini, nikapiga simu. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema.

Alikuja juu ya bodaboda, na kava langu la asili mapajani na oili kwenye chupa. Kabla sijafungua mdomo alisema: “Kosa langu, Baba Mdogo. Nilikaza mno, na plastiki yenyewe siyo.” Akafungua pale pale kando ya barabara, akarudisha kava la bati. Maneno yangu yote yakaniishia mdomoni. Nimefanya kazi na watu wazima wengi, wenye vyeo, ambao sijawahi kuwasikia wakisema neno hilo la kwanza: kosa langu. Na nikakumbuka malungu. Ilungu likishindwa, mtu alitafutwa aliyevunja mwiko. Dirisha likipasuka, tunaliona lilipoanzia kupasuka.

Ilimchukua mwezi kupata kipande cha polikaboneti, kinene, kutoka kwenye kinga ya mashine mbovu kule Sumbawanga. Safari hii matundu aliyatoboa mapana kidogo kuliko boliti, ili plastiki ipate nafasi ya kutanuka ikipata joto. Chini ya kila boliti akaweka washa ya mpira. Akanionya nisilioshe kwa petroli hata siku moja, kwani inalivunja taratibu. Nimeupanda mlima ule mara nyingi tangu hapo. Halijavuja.

Sasa nikwambie kinachoonekana, maana usidhani ni kama kwenye video. Injini ikiwa imewashwa tu na imetulia, unaona klachi inazunguka. Ukipiga resi, oili inarushwa kila upande, kioo kinakuwa kahawia, huoni kitu. Nililalamika. Akacheka: “Ukitaka kuona, tulia.” Yeye mwenyewe, nimemwona, akitaka kujua injini ina tatizo gani hachungulii dirishani. Anaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, anafumba macho. Nadhani na wale wazee wa malungu walifanya hivyo hivyo, wakausikiliza moto wasioweza kuuona. Ufundi wa kweli hauhitaji kioo. Anayehitaji kioo ni yule ambaye bado hajui, na ndiye huyo aliyefukuzwa zamani.

Na kitu kimoja kioo kilinionyesha mimi, si fundi. Wiki ya pili niliona chini ya dirisha oili imekuwa nyeusi, na ndani yake vinametameta vitu vidogo kama vumbi la fedha. Nikamwita. Akanichukua kidole, akakichovya, akakisugua kwenye kipande cha karatasi nyeupe. “Chenga za chuma. Umebadilisha oili lini mara ya mwisho kabla ya mimi kuja?” Sikujibu, kwa sababu jibu lilikuwa la aibu. Miaka sita nilikuwa nikiisaga injini yangu polepole na kutupa makosa kwa barabara.

Kaka yangu alishuka Kipili mwezi uliopita kwa msiba wa jirani. Pikipiki ilikuwa uani, imewashwa, imetulia. Aliizunguka mara moja bila kusema, kama mtu anayepita tu. Mara ya pili akasimama. Binti yake alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, akamwamkia na kuendelea kunawa.

“Hiki kinachozunguka ni nini?” kaka akauliza, akimtazama mimi.

Nilikijua. Ningeweza kumweleza. Lakini kwa mara ya kwanza nikaona sababu ya kutoka katikati nilikokaa siku zote.

“Kaka, muulize mwenye kazi,” nikasema. “Mimi mwenyewe amenifundisha yeye.”

Kikapita kimya kidogo. Kisha mtoto akaja, mikono bado ina maji, akachuchumaa, na kaka yangu, mzee mzima na suruali yake ya msibani, akachuchumaa kando yake. Sikuyasikia yote waliyosema, injini ilikuwa inaunguruma. Nilimwona tu akionyesha kwa kidole, na baba yake akisogeza uso karibu zaidi na kioo.